Bandika sufuria kwanza, ndipo uende bustanini

Huku kwetu Uyole nyumba nyingi zina bustani uani, hata kama ni matuta matatu na viroba viwili vya vitunguu majani. Lakini nikitazama tunavyopika, naona bustani hizo hazitufai inavyostahili. Mtu anachuma chainizi saa mbili asubuhi, anaitupia kwenye beseni, anakwenda Mwanjelwa kwa shughuli zake, anarudi saa nane mchana, anaikata, anaiosha ikiwa imeshakatwa, halafu anaichemsha mpaka inabadilika rangi. Kwa mapishi hayo, tuta lako na fungu la sokoni havina tofauti. Ubora wa kuwa na bustani ni kwamba jani linaweza kutoka kwenye shina lake likaingia jikoni ndani ya dakika kumi. Hayo ndiyo ninayotaka kukuelekeza: jani lipi linaingia lini, na namna ya kuliacha tutani mpaka zamu yake ifike.

Nimezaliwa Makete, nikaolewa Rungwe, sasa makazi yangu ni Mbeya. Kwa hiyo nazungumzia baridi yetu. Ukiwa Dar es Salaam au Tanga mengine itakubidi uyageuze kidogo.

Anza na yale yanayokaa karibu na mlango wa jiko, kwa sababu mimea ya kuongeza harufu usipoiona hutaikumbuka. Giligilani inapenda hali yetu ya hewa. Kwenye joto kali inakimbilia kutoa maua, lakini huku inakaa na majani kwa muda mrefu. Mbegu huhitaji kununua kwenye duka la pembejeo; giligilani nzima inayouzwa na wauza viungo inaota, ilimradi ni kavu na haijakaangwa. Kila punje ina mbegu mbili ndani, kwa hiyo ipitishie chupa juu yake taratibu mpaka ipasuke vipande viwili, ndipo uisie. Panda kidogo kidogo, mstari mmoja kila baada ya wiki tatu, usimwage pakiti nzima siku moja.

Rozmeri chukua tawi kwa jirani, urefu wa kiganja, ondoa majani ya chini na ulichomeke mahali pasipotuama maji. Inavumilia baridi ya Juni na Julai vizuri kabisa. Mchaichai unagawanya shina. Baridi kali ikiunguza ncha zake usiung'oe, mvua zikianza Novemba utachipua tena. Mnanaa uweke kwenye ndoo mbovu yenye matundu chini, la sivyo utatambaa na kumeza tuta zima. Mrehani ndio unaosumbua huku juu. Sia Septemba, ule mpaka Mei, na ikifika Juni weka chungu chake ukutani upande unaopata jua la asubuhi, au uhamishie ndani usiku. Kule kwetu Makete, upande wa Kitulo, ambako watu wanapaita Bustani ya Mungu kwa sababu ya maua yake, umande unaganda na mrehani ukilala nje hauamki.

Mboga za majani sitazieleza sana namna ya kupanda, kwa kuwa hilo kila mtu wa Nyanda za Juu analijua. Samadi iliyooza vizuri, maji ya kutosha kiangazi, basi. Neno moja tu: ukipiga dawa ya wadudu, soma kibandiko na uhesabu siku zilizoandikwa kabla ya kuvuna. Usichume kwa kukadiria.

Sasa tuje kwenye kuchuma. Chainizi na spinachi vunja majani ya nje, uache moyo uendelee. Vitunguu majani kata ukiacha vidole viwili juu ya udongo, vitaota tena. Giligilani kata matawi ya nje kwa mkasi, na ukikuta mche umeanza kurefuka na kutoa majani membamba kama uzi, ung'oe na mizizi yake, kwa sababu hautarudi nyuma. Kama ni lazima uchume mapema, chuma asubuhi kabla jua halijawa kali, funga majani kwenye kitambaa kibichi na uyaweke kivulini.

Osha jani likiwa zima, kisha likate. Vitamini C na zile za kundi B zinayeyuka kwenye maji, na jani lililokatwa lina midomo mingi ya kuzitolea. Kwa sababu hiyo hiyo usiloweke mboga iliyokatwa. Wadudu wadogo wanaojificha chini ya majani utawatoa kwa kuloweka majani mazima kwenye maji yenye chumvi kidogo kwa dakika tano, halafu unasuuza mara mbili.

Kuhusu lini kiungo kiingie, kanuni yangu ni fupi. Jani gumu linaingia mwanzo, jani laini linaingia mwisho. Rozmeri na mchaichai vina majani magumu, harufu yake inahitaji moto na muda ili itoke. Giligilani, mnanaa, mrehani na sehemu ya kijani ya kitunguu ni laini; ukizitia mapema harufu inaondoka na mvuke, inajaa jikoni, na chakula kinabaki bila kitu. Giligilani ina pande mbili: vikonyo vyake vikatekate vidogo uvikaange pamoja na kitunguu, majani yake yahifadhi mpaka umeipua sufuria. Ukishika hili peke yake, mchuzi wako utabadilika leo leo.

Majani ya maboga

Hii ndiyo mboga ninayoipenda kuliko zote, na naona inadharauliwa kwa sababu ya uvivu wa kuimenya. Boga tunalipanda na mvua za kwanza pamoja na mahindi, na kuanzia Desemba mpaka Aprili tunachuma. Kata ncha changa na majani matatu manne yanayofuata. Kukata ncha kunaufanya mmea utoe matawi mapya, kwa hiyo usiogope, ila acha mashina machache bila kuyagusa ili upate maboga yenyewe. Chuma na maua pia, lakini yawe yale ya kiume: yana kikonyo chembamba kirefu, hayana kiboga kidogo chini yake. Acha kadhaa kwa ajili ya nyuki.

Kumenya ni hivi. Shika kikonyo cha jani, kivunje mwishoni bila kukikata kabisa, halafu vuta kuelekea kwenye jani. Uzi utatoka na kuendelea kwenye mishipa iliyo chini ya jani. Zungusha, vuta tena upande wa pili. Ukimaliza jani moja unalikuta limekuwa laini mkononi, vile vinywele vinavyokwaruza koo vimeondoka na nyuzi. Hapo ndipo kazi ilipo, na hakuna njia ya mkato. Wape watoto ungo wakae kibarazani wamenye huku wanapiga hadithi. Watoto wangu wote wamejifunzia hapo.

Kwa sufuria ya watu watano au sita tumia majani yaliyomenywa ya kujaza bakuli kubwa, kikombe kimoja na nusu cha karanga mbichi, kitunguu kimoja, nyanya mbili zilizoiva na chumvi. Karanga zichambue kwanza kwenye ungo. Zilizosinyaa, zenye ukungu au zilizobadilika rangi zitupe, hata kuku usiwape, kwa sababu ya sumukuvu. Moto wa jikoni hauiondoi. Zilizobaki twanga kwenye kinu, chekecha, twanga tena makapi.

Bandika nusu kikombe cha maji na chumvi. Yakichemka tia majani, geuza mpaka yalale, acha sufuria wazi kwa dakika tano. Ukifunika, rangi ya kijani inaharibika. Kisha tia kitunguu na nyanya zilizokatwa ndogo, na zikishaiva mimina karanga ulizozikoroga kwa maji kidogo mpaka ziwe uji mzito. Kuanzia hapo punguza makaa na usiondoke. Karanga zinashika chini upesi, na zikishaungua harufu hiyo haitoki tena. Koroga kwa mwiko dakika kumi mpaka kumi na tano. Zimeiva pale harufu ya ubichi inapoisha na mafuta yake yanapoanza kuonekana juu. Maua tia dakika mbili za mwisho. Hakuna haja ya mafuta ya kupikia. Mafuta ya karanga yanatosha, na ndiyo yanayousaidia mwili kupokea vitamini A iliyomo kwenye majani. Songa ugali wa dona, kaa mkao wa kula.

Mnafu

Mnafu hauhitaji kupandwa sana, ukitandaza samadi tu unajiotea. Chuma majani na ncha laini peke yake. Vitunda vya kijani usitie kabisa kwenye sufuria, vina sumu. Chemsha majani kwenye maji mengi dakika tano hivi, mwaga maji hayo, kamua kidogo, kisha unga kwa kitunguu, nyanya na nusu kikombe cha maziwa. Uchungu unaobaki ndio ladha yake. Wapo wanaouondoa wote kwa kumwaga maji mara tatu. Kwangu hiyo si mboga tena.

Nichomekee hapa suala la magadi. Wengi wanayatia kwenye mboga ngumu na kwenye maharage ili viive haraka. Vinaiva haraka kweli, ila magadi yanaharibu vitamini B na C na kuacha utelezi mdomoni. Ukichuma jani changa huyahitaji, na ukiloweka maharage huyahitaji vilevile.

Maharage ya njano

Wageni wakija kutoka chini wanalalamika kwamba maharage ya Mbeya hayaivi. Maharage hayana kosa. Mji wetu uko mita 1,700 hivi juu ya usawa wa bahari, na kwa mwinuko huo maji yanachemka kwenye nyuzi joto 94 badala ya 100. Yanatokota mbele ya macho yako, lakini moto wake ni mdogo. Ndugu zetu wa Kyela, walio chini karibu na Ziwa Nyasa, kwao yanachemka karibu na nyuzi 98, ndiyo maana sufuria yao inawahi. Makete na Njombe, walio juu zaidi yetu, wanasubiri zaidi.

Dawa yake ni kuloweka usiku kucha, kumwaga maji hayo asubuhi, kutia maji mapya na kuanza na moto mkali. Maharage yote, na hasa mekundu, lazima yatokote sawasawa kwa muda kabla hujapunguza moto, na usile yaliyoiva nusu, yanaumiza tumbo vibaya. Nyanya, ndimu au kitu chochote kichachu usitie mpaka yamelainika kabisa, kwa sababu uchachu unayafanya yakaze ganda. Kama una sufuria ya presha, milimani huku ndiko inakolipa gharama yake.

Yakishakuwa laini, nenda bustanini. Ndiyo, sasa. Ng'oa karoti mbili, kata vitunguu majani, giligilani na hoho moja. Pasha mafuta vijiko vitatu vya chakula, kaanga kitunguu maji mpaka kingo zianze kuwa kahawia, tia kitunguu saumu kilichotwangwa pamoja na vikonyo vya giligilani, geuza nusu dakika, tia karoti ya kukwaruza, kisha nyanya. Usikimbilie kumimina maharage. Subiri nyanya ziive mpaka mafuta yajitenge pembeni. Maharage mengi yaliyoungwa vibaya yameharibikia hapa. Mimina, ponda kiasi cha upawa mmoja kwenye ukuta wa sufuria ili mchuzi uwe mzito, acha yachemke dakika kumi. Hoho inaingia dakika tatu za mwisho ili isilainike sana. Ipua, nyunyiza majani ya giligilani na vitunguu majani, funika dakika mbili, pakua.

Ndizi kwa mkono wa mama mkwe

Ndizi za kupika za Tukuyu nilifundishwa na mama mkwe wangu, na namshukuru mpaka leo. Yeye hupaka mafuta mikononi kabla ya kumenya, utomvu usigande, na kila ndizi iliyomenywa inaingia moja kwa moja kwenye maji ili isiwe nyeusi. Nyama ya ng'ombe inachemshwa kwanza na chumvi mpaka ikaribie kuiva. Ndizi zinapangwa juu ya nyama na supu yake, juu ya ndizi kitunguu, karoti na nyanya zilizokatwa, pilipili mbuzi moja nzima isiyopasuliwa ili itoe harufu bila ukali. Hakorogi. Anatikisa sufuria kwa kushika masikio yake. Baada ya dakika 25 hivi ndizi zimelainika, anatoa pilipili, anamimina kikombe cha maziwa freshi, yanachemka mara moja tu, kisha anaipua na kumwaga konzi nzima ya giligilani. Pembeni parachichi la Rungwe, limekatwa na kukamuliwa ndimu na chumvi.

Nikamwuliza mara ya kwanza, "Mama, mbona giligilani nyingi hivyo?" Akanijibu kwamba iko mlangoni, haiuzwi, kwa nini aipime? Tangu hapo na mimi siipimi.

Viazi na rozmeri

Viazi mviringo tunavyo tele, kutoka Uporoto mpaka Njombe, lakini tumevifunga kwenye chipsi tu. Jaribu hivi. Chagua viazi vidogo, vyenye rangi ya kijani viache kabisa, sumu yake haiishi kwa kupikwa. Chemsha na maganda yake mpaka kisu kiingie nusu, mwaga maji, kata vipande viwili viwili, virudishe kwenye sufuria kavu, funika na utikise ili kingo zichubuke. Kwenye kikaangio weka mafuta robo kikombe na vijiti vitatu vya rozmeri wakati mafuta bado ya uvuguvugu. Yatapata harufu taratibu. Rozmeri ikianza kukauka, itoe kabla haijawa nyeusi. Panga viazi upande uliokatwa ukitazama chini, usiviguse mpaka viwe na ukoko, geuza, malizia na chumvi na ile rozmeri uliyoitoa, ukiivunjavunja juu. Kuku wa kienyeji wa kuoka anapenda rozmeri hiyo hiyo, na mbuzi zaidi.

Chai sina maneno mengi. Majani ya chai ya Rungwe au Mufindi, mchaichai uliofungwa fundo na kupondwa kidogo, vichemke pamoja kwa dakika tano. Mnanaa usichemshe, weka kwenye kikombe, mimina maji ya moto, funika.

Ya kuweka akiba

Agosti mpaka Oktoba hewa yetu ni kavu na upepo upo, ndio wakati wa kukausha. Rozmeri, mnanaa na mchaichai funga vishada vidogo, vining'inize kichwa chini mahali penye kivuli na upepo. Jua kali linafukuza harufu na rangi. Giligilani haifai kukaushwa, inabaki nyasi tu. Hiyo isage na maji kidogo, ijaze kwenye vibati vya barafu, na siku ya mchuzi unatupia kidonge kimoja ukiwa umeshaipua.

Majani ya mboga, kama ya kunde au ya maboga yaliyomenywa, yatumbukize kwenye maji yanayochemka yenye chumvi kwa dakika mbili, chuja, yatandaze kwenye wavu safi bila kurundika na uyafunike chandarua kwa ajili ya nzi. Usiku ingiza ndani, umande usiyarudishie unyevu. Yako tayari pale yanapovunjika ukiyakunja. Weka kwenye kopo kavu lenye mfuniko unaobana, na baada ya wiki moja fungua uguse: yakiwa yamelegea, yaanike tena kabla ukungu haujaingia. Siku ya kupika yaloweke kwenye maji ya uvuguvugu nusu saa, na mengine yote ni kama nilivyoeleza kwenye majani ya maboga na karanga, ila moto uwe mdogo zaidi na uongeze kikombe kimoja cha maji, kwa sababu jani kavu linakunywa.